Jicho Langu la Kushoto Halikupona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Wamama, naomba muweke vigelegele pembeni kwanza. Wapapa, musipige makofi. Ninawajua, mukishaanza hamuachi, na mimi nikishangiliwa ninaharibika. Hilo ndilo jambo lenyewe lililonisimamisha hapa leo.

Wengi wenu munaniita Papa Nyundo. Jina hilo nilipewa ulingoni. Nilipigana ngumi kama kazi kwa miaka kumi na minne, hapa Kalemie, Moba, Uvira, Lubumbashi, na ng'ambo ya ziwa kule Kigoma. Miaka miwili iliyopita nilisimama mahali hapa hapa, nikawaambia kwamba Mungu ameliponya jicho langu la kushoto lililokuwa limekufa. Muliruka. Muliimba mpaka jenereta ikaishiwa mafuta, na hata hapo mukaendelea. Ndugu zangu, ulikuwa uongo. Jicho hili halikuona siku ile, na halioni asubuhi hii. Papa uliyesimama nyuma pale, keti kwanza. Nitasema yote, na ukitaka kuondoka baadaye, mlango uko wazi.

Mimi ni mtoto wa Zongwe, kule kando ya ziwa. Baba alikuwa mvuvi, na alitaka niwe mvuvi, lakini mimi ziwa lilikuwa linanitapisha. Nikaja mjini kubeba magunia ya saruji na unga pale bandarini. Siku moja niligombana na mbebaji mwenzangu juu ya zamu. Nikampiga, akalala. Mzee mmoja alikuwa amesimama akitazama. Huyo ndiye Papa Simoni, aliyekuwa amefanya kazi ya umeme kule Bendera mpaka akapewa pensheni, na akawa anafundisha ngumi ndani ya depo ya zamani ya pamba. Aliniambia: "Unapiga muzuri, lakini unapiga bure. Njoo upigie fasi ya maana."

Nikaenda. Alikuwa na mifuko miwili iliyojaa mchanga na matambara, na ulingo wa kamba za mashua. Alinifundisha kupumua, kusimama, kuvumilia. Sikuwa bondia mkubwa wa dunia, nisiwadanganye tena. Lakini nilivaa mkanda wa jimbo, na hapa mjini nilijulikana. Wauza samaki walikuwa wananiongezea bila kuomba. Na mwamuzi anapokushika mkono na kuuinua juu, watu wote wakilia jina lako, ndugu zangu, kitu kile ni kitamu! Nilikipenda kuliko chakula. Nilikipenda kuliko mke wangu, na yeye anajua, amekaa pale.

Katika mwaka wa kumi wa kazi, tulivuka kwenda Kigoma. Raundi ya sita, kidole gumba cha glovu ya mwenzangu kiliingia kwenye jicho la kushoto. Hakufanya makusudi. Nilishinda pambano lile. Baada ya juma moja nikaanza kuona kama inzi wanaruka upande ule, na hakuna inzi. Kisha likashuka giza, polepole, kama mtu anayevuta pazia. Siku ya tano tangu giza lianze, pazia lilikuwa limefunga. Sikumwambia mtu. Kwa nini? Kwa sababu bondia wa jicho moja haruhusiwi kupigana, na mimi nisipopigana sikujua nitakuwa nani.

Mutaniuliza, sasa hao madaktari hawakukupima? Walinipima. Kila mwaka, kabla ya kupewa karatasi ya ruhusa, tulipita mbele ya daktari. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa ya herufi, zile za juu nene, za chini ndogo. Muuguzi alikuwa anafunika kwanza jicho la kushoto. Nikasoma kwa jicho zuri, na huku nasoma nazishika kichwani. Halafu akafunika la kuume, akaniambia soma tena. Nikazikariri zote mbele ya giza tupu, na mahali fulani nikajifanya nasitasita kidogo ili isionekane nimeimba. Daktari akaandika: macho mazuri. Hivyo miaka minne. Karatasi ni ile ile, herufi ni zile zile. Minerval, zile feza alizonilipia baba shuleni, hazikupotea bure!

Ndani ya ulingo nilifanya ujanja mwingine. Bondia wa mkono wa kuume hutanguliza mguu wa kushoto. Mimi upande wa kushoto sioni, kwa hiyo ngumi za huko zilikuwa zinanifikia kama zimetoka hewani. Nikageuka. Nikaanza kutanguliza mguu wa kuume, kama mtu wa shoto, ili jicho zuri liwe mbele. Redio ikasema Nyundo ni mwerevu, amejifunza kupigana kwa mikono yote miwili. Kumbe nilikuwa namtafuta adui kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye nyasi.

Papa Simoni aliona. Siku moja alinipa kikombe cha maji, mkono wangu ukapita pembeni ya kikombe. Akaniuliza: "Jicho yako ya kushoto iko namna gani?" Nikajibu: "Iko muzuri, Papa." Alinitazama sana. Kesho yake akaanza kunifundisha mambo ya mguu wa kuume, bila kuuliza tena. Amekwisha kufariki. Sijui kama yeye pia alipaswa kusema, hilo namwachia Mungu. Langu ninalo la kutosha.

Nilianguka Lubumbashi, raundi ya tatu. Ngumi ilitoka kushoto. Nilipozinduka niliona taa juu yangu, nikauliza: "Nani amenipiga?" Watu walicheka, wakafikiri ngumi imenivuruga kichwa. Haikuwa kichwa, sikumuona kweli. Hapo ndipo nikaacha. Nilipata kazi ya kulinda depo ya samaki karibu na bandari, na ninaifanya mpaka leo. Nilisema nimestaafu kwa sababu ya umri. Jicho nikasema limenipotea taratibu baada ya kuacha. Uongo wa pili ulikuja kukaa juu ya ule wa kwanza, ukakaa vizuri.

Ndugu zangu, sikilizeni na hili. Miaka sita hakuna aliyelia jina langu. Vijana wa bandarini walikuwa wananiuliza, wewe ulikuwa nani vile? Mke wangu, Mama Georgine, alinileta kanisani. Nikaokoka, nikabatizwa ziwani na watu wawili wakinishikilia kwa sababu ya uzito. Wokovu ule ulikuwa wa kweli, musiniondolee huo. Nilimlilia Mungu kwa moyo wote. Lakini kuna chumba kimoja ndani yangu ambacho sikumfungulia.

Ndipo lilikuja lile juma la maombi, na muhubiri mgeni. Mchungaji wetu alimwambia habari ya jicho langu, kwa nia njema. Nikaitwa mbele. Muhubiri akaomba, akafunika jicho langu la kuume kwa kiganja chake, akainua vidole. "Ngapi?" Nikaona giza lile lile ninalolijua. Nilikuwa tayari kusema, Muhubiri, sioni. Lakini wamama wa benchi ya mbele, munajijua, mulikuwa mumeshaanza kuninong'onezea kwa huruma: "Tatu! Tatu!" Mimi nikasema: "Tatu!" Kanisa likalipuka. Akainua tena. Mukanong'ona: "Kimoja." Nikasema: "Kimoja!"

Muhubiri hakujua. Kwa furaha yake alinishika mkono wa kuume akauinua juu, namna ile ile ya mwamuzi. Munaelewa? Miaka sita! Mwili wangu ulikumbuka. Nilipewa mikro, nikashuhudia. Sikuwa nimepanga kudanganya, lakini pia hakuna aliyenilazimisha. Baadaye nikaitwa kushuhudia Moba, nikaitwa Nyunzu, na kila mahali ushuhuda uliongezeka urefu. Kufikia Nyunzu nilikuwa nawaambia watu kwamba nasoma Biblia kwa jicho hilo peke yake.

Sasa nakuja kwa Mama Faida. Amekaa benchi ya tatu, kitambaa cha manjano. Amenipa ruhusa kumtaja. Wote munamjua, anauza ndagala sokoni. Mama Faida alikuwa na ugonjwa wa macho, ile presha inayoua jicho kimya kimya bila maumivu. Hospitali walimpa dawa ya matone, atie kila siku bila kuacha hata siku moja. Alikuwa anatia. Kisha akanisikia mimi hapa. Alitoka hapa akaacha dawa. Sikujua. Hiyo siyo udhuru, nawaambia tu kwamba sikujua.

Majuma mawili yaliyopita nilikwenda kununua ndagala kwake. Alikuwa anapima kwa kopo, na samaki wa upande wa kuume wakawa wanamwagika nje ya mfuko. Nikamwona anageuza kichwa chote ili atazame kitu kilicho karibu na bega lake. Nikamwona anagusa ukingo wa kopo kwa kidole kabla ya kumimina. Ndugu zangu, mambo hayo nimeyafanya miaka kumi na miwili! Ninaweza kumtambua mtu anayeficha jicho kama fundi anavyotambua kazi yake. Nikamuuliza: "Mama Faida, jicho yako ya kuume inaona?"

Akasema: "Iko muzuri, Papa."

Nikamuuliza habari ya dawa yake. Akacheka, akasema: "Ile niliachaka zamani. Niko nangojea saa yangu. Mungu alikufikia wewe, na mimi atanifikia. Wakati mwingine naona kama giza inaongezeka, halafu nakumbuka ushuhuda wako, nasimama."

Nikajaribu kuzunguka. Nikasema: "Mama, Mungu anatumia na wanganga wa lopitali pia. Rudia kwao."

"Wewe ulienda kwa munganga gani?"

Nikajifanya natafuta feza mfukoni.

"Unaona?" akasema. "Usinijaribu, Papa Nyundo. Imani yangu ni hii moja tu."

Akaniongezea samaki. Nilirudi nyumbani na mfuko ule, sikuweza kula. Nilimwambia Mama Georgine kwamba nina neno zito. Akaweka sufuria chini, akasema: "Ni jicho?" Nikamuuliza anajuaje. Akasema: "Miaka hii yote kikombe yako nawekaga upande gani?" Nikatazama mezani. Upande wa kuume. Kijiko upande wa kuume. Hata taa. "Siku ile kanisani nilitaka kuingia chini ya benchi," akasema. "Nilingojea useme mwenyewe, kwa sababu wewe ni bwana yangu, sikutaka kukuaibisha. Lakini sasa muntu anakuwa kipofu kwa sababu yako. Unangojea nini?"

Mutafikiri kwamba kesho yake asubuhi nilikimbia kwenda sokoni. Hapana. Siku tisa nilipita njia nyingine ili nisionane na yule mama. Mimi niliyesimama mbele ya wanaume wa Lubumbashi, nilimkimbia muuza ndagala! Siku tisa ni siku tisa ambazo jicho lake la pili lilikuwa linaliwa. Naona aibu kuzisema, lakini nimeamua leo nisipunguze kitu. Siku ya kumi nilipiga magoti pale depo, kati ya vikapu, nikamwambia Mungu: nichukue jina hili la Nyundo, nichukue na heshima yote ya kanisani, lakini huyu mama asipofuke. Nilisimama kabla sijabadilisha mawazo.

Nilimkuta anafungua biashara. Nikamwambia: "Mama Faida, funika jicho langu la kuume. Inua vidole." Akafikiri ninamtia moyo, akafurahi. Akafunika, akainua. Sokoni hakuna wa kuninong'onezea.

"Ngapi, Papa?"

"Sijui, Mama. Sioni. Sijaona tangu Kigoma. Siku ile kanisani niliwasikia wamama wananong'ona."

Hakuelewa mara moja. Akainua tena, akauliza tena, nikajibu hivyo hivyo. Ndipo mkono wake ukashuka. Nilitegemea anitukane. Angenitukana ningefurahi. Alisema kwa sauti ndogo: "Ile dawa niliitupa mu ziwa. Kesho yake ya ushuhuda wako. Nilikuwa nabeba chupa na kuimba." Akakaa juu ya gunia. Machozi yakamtoka, hata lile jicho lililokufa linatoa machozi, hilo mulijue. Wateja walikuwa wanauliza bei, hakuna aliyewajibu.

Kisha akafunika vikapu, akamwomba jirani yake amwangalizie, akaanza kutembea kuelekea hospitali. Mimi nikafuata nyuma. Aligongana na mkokoteni uliokuja kuume kwake, nikamkimbilia nikamshika mkono. "Usinishike," akasema. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikabaki huko mpaka mlangoni.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Jicho la kuume limekwisha, hakuna dawa ya kulirudisha. La kushoto limeumia, lakini bado linaona, na akitia matone kuanzia siku ile bila kuacha, kuna tumaini kubwa la kulitunza. Ndugu zangu, hapo mimi bondia nililia kama mtoto, mbele ya wagonjwa wote. Halleluya! Daktari akanihurumia, akataka kuniangalia na mimi. Akamulika jicho langu mara moja tu, akasema: "Papa, hii ilikufa zamani sana." Mama Faida akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka siku ile, na nilimshukuru Mungu hata kwa kicheko hicho.

Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi, akatia tone la kwanza mwenyewe. Nikaomba msamaha. Akafunga chupa vizuri, akasema: "Sijakusamehe bado. Enda useme mbele ya watu, fasi ile ile ulisimamaka. Kisha tutaongea." Jumatano nikaenda kwenye biro ya mchungaji. Habari ya jicho langu yeye mwenyewe ameihubiri mahali pengi. Nilifikiri ataniambia tuyamalize kimya kimya. Akasema: "Utasema siku ya Mungu, hata wakituhama." Asante, Mchungaji. Ungeweza kuchagua vingine.

Basi ndiyo haya. Sisemi Mungu haponyi. Anaponya, na wengine wenu hapa ni mashahidi wa kweli, musitishwe na mimi. Nasema hakuponya jicho hili, na hakuniomba nimdanganyie watu ili aonekane mkubwa. Alichonifanyia ni hiki: miaka kumi na miwili niliogopa kuwa mtu asiyeshangiliwa, na leo nimesimama bila makofi, na sifi. Usingizi wangu umerudi. Nakula. Mke wangu ananiuliza mambo nami namjibu ya kweli. Huu ndio ukombozi wangu, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake mbele yenu nyote. Munisamehe. Nitakwenda Moba, na nitakwenda Nyunzu, nikaseme huko pia.

Na sasa nawaomba neno moja. Mama Faida hakuwa peke yake kunisikia. Najua humu ndani kuna mtu mwingine aliyeacha dawa kwa sababu ya mdomo wangu. Wa macho, wa sukari, wa presha, sijui. Hauna haja ya kusimama, wala kutaja jina. Mungu hatakasirika ukitia tone na kuomba siku moja hiyo hiyo. Mumtegemee, lakini mumtegemee na ukweli mkononi. Kesho Jumatatu, saa moja asubuhi, mimi na Mama Faida tutakuwa mlangoni pa kanisa tukienda hospitali, yeye ana siku yake ya kupimwa. Jana alituma mtu kuniambia niende naye, nisikae nyuma. Nitakaa kuume kwake. Vya upande wa kuume nitaviona mimi, vya kushoto ataviona yeye, na anayekuja atembee katikati yetu. Amina.